Mzigo Umefungwa, Bakisha Siku Moja

Ukitoka Upanga Magharibi kwa miguu, unavuka Barabara ya Morogoro pale Fire, unaingia Msimbazi, na tayari uko Kariakoo. Mwendo wenyewe ni mfupi, lakini pande zake mbili zinasafiri kwa namna tofauti. Upande wa Upanga, safari ya ng'ambo huwa na shughuli yake maalumu: mgonjwa anapelekwa India, mtoto anasindikizwa chuoni, ndugu anaoa Mumbai au Leicester, au ni ziara ya Karbala. Upande wa Kariakoo safari ni kufuata mzigo, na kwa miaka mingi sasa mzigo huo umefuatwa zaidi China, hasa katika jiji la Guangzhou. Watu hukata tiketi wenyewe, hutafuta gesti wenyewe, hutunza fedha zao wenyewe, hupotea na kujipata katika nchi ambayo hawawezi kusoma hata kibao cha barabarani. Wakirudi, yanayosimuliwa ni bei, maghala na foleni ya uwanja wa ndege. Ninachotaka kusema ni kwamba mfanyabiashara huyu ameshalipia sehemu iliyo ghali na ngumu kuliko zote katika utalii wa ng'ambo, na kuondoka bila kuutazama mji ni kuacha mali aliyokwisha kuinunua.

Tufikirie kinachomshinda mtu wa kawaida anayetamani kuzuru nchi ya mbali bila kampuni ya watalii. Kwanza ni karatasi: pasipoti ya kielektroniki, inayotolewa tangu 2018 kwa Sh150,000, kisha viza, ambayo haitoki bila kuonyesha tiketi ya kurudi na mahali pa kulala au barua ya mwaliko. Pili ni ukubwa wenyewe wa mji. Sensa ya China ya 2020 iliihesabia Guangzhou wakazi zaidi ya milioni 18. Dar es Salaam nzima, kwa sensa yetu ya 2022, ilikuwa na milioni 5.4 hivi. Tatu ni mambo madogo yanayokwamisha kuliko makubwa. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China, wauzaji wengi wamezoea kulipwa kwa simu, na zipo gesti ambazo kwa muda mrefu zilikataa kulaza wageni wa nje. Yote haya yameshatafutiwa dawa Kariakoo. Ukikaa dukani Mtaa wa Kongo au Aggrey na mtu aliyekwenda mara kadhaa, atakwambia ushuke kituo gani, uombe chumba cha upande gani, na usiende mwezi wa nne au wa kumi kama huna shughuli na Maonyesho ya Canton, kwa sababu maonyesho hayo, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, hupandisha bei za vyumba mji mzima. Elimu hiyo ndiyo msafiri wa Ulaya huinunua kwenye kitabu cha mwongozo. Kwetu inatolewa bure, na aliyeitoa atakupigia simu kuuliza kama umefika salama.

Elimu hii haikubaki Kariakoo peke yake. Mwanaanthropolojia wa Kijapani Ogawa Sayaka, ambaye awali aliwachunguza machinga wa Mwanza, alichapisha mwaka 2019 kitabu kuhusu Watanzania wanaofanya biashara katika jengo la Chungking Mansions, Hong Kong. Anaeleza namna ya kusaidiana isiyomlemea yeyote: mtu humsaidia mwenzake kwa kile ambacho tayari kiko njiani mwake. Nafasi iliyobaki kwenye begi hubeba kitu cha mwingine, na kitanda kilicho wazi hulaza mgeni. Hakuna anayeandika deni, na kesho msaada hutoka kwa mtu mwingine kabisa. Naona hapa kuna jibu la swali ambalo wasafiri wa bajeti ndogo duniani kote hulihangaikia, yaani utaishije mahali ghali bila kuwa na fedha nyingi. Watu wetu walilijibu kwa shughuli. Jibu hilo hawajalitumia kwa macho yao.

Na cha kutazama hakiko mbali. Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi wanaofika Guangzhou huufahamu kuliko mwingine wowote, uko katika wilaya ya Yuexiu, na bustani kubwa yenye jina hilo hilo inafikika kutoka hapo kwa miguu. Kuingia bustanini ni bure. Juu ya kilima chake umesimama mnara wa Zhenhai, uliojengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1380, na ndani yake kuna makumbusho ya mji. Ng'ambo ya bustani, kando ya barabara kuu, ndiko kuliko na jambo ambalo kila mtu wa pwani yetu angestahili kuliona. Mwaka 1983 wajenzi waliokuwa wakisawazisha kilima ili kupandisha nyumba walikuta kaburi la Zhao Mo, mfalme wa pili wa dola ya Nanyue, aliyefariki mwaka 122 kabla ya Kristo. Alizikwa amevikwa vazi la vipande vya jade vilivyoshonwa kwa hariri, akiwa na zaidi ya vitu elfu moja. Miongoni mwa vitu hivyo palikuwa na ubani, kisanduku cha fedha cha mtindo wa Kiajemi, na pembe tano za ndovu ambazo wataalamu wa makumbusho ya mfalme huyo wanasema ni za ndovu wa Afrika. Hatujui pembe hizo zilipita mikono ya nani, lakini bahari iliyo katikati ni hii yetu. Upande wetu ushahidi uko wazi: vipande vya vyombo vya Kichina vimechimbuliwa Kilwa Kisiwani, na makaburi ya Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam, yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Mfanyabiashara anayelala Xiaobei akisubiri kontena la sahani yuko umbali wa matembezi ya asubuhi kutoka kwenye mwanzo wa biashara yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia.

Wengine hufika karibu bila kujua. Waislamu wengi wa Kiafrika walioko Guangzhou huswali Ijumaa katika msikiti ulio karibu na bustani hiyo, mahali ambapo mapokeo ya Waislamu wa China yanasema amezikwa sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wana mashaka na mapokeo hayo, lakini hawana mashaka kwamba jamii ya Kiislamu ya Guangzhou ni ya zamani sana. Msikiti wa Huaisheng, katikati ya mji wa kale, una mnara wa mviringo wa mita 36 hivi ambao unasemekana uliwahi kuwaongoza mabaharia waliopanda Mto Pearl. Na wanaonunua mapambo ya sherehe au vitu vya kuchezea vya watoto kwa jumla hufika Barabara ya Yide, ambapo kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe ya matale kati ya 1863 na 1888, limesimama juu ya maduka yenyewe. Mtu anaweza kukaa hapo siku nzima akibishania bei ya maputo asiinue macho.

Sasa tuhesabu. Nauli ya ndege, viza na gesti ndizo zinazokula bajeti ya safari kama hii, na mfanyabiashara amezilipa tayari. Siku moja ya ziada inamgharimu nini? Usiku mmoja wa gesti, chakula ambacho angekula popote alipo, na nauli ya treni ya chini ya ardhi, ambayo Guangzhou huanzia yuan 2. Makumbusho mengi ya umma nchini China yalifunguliwa bure tangu 2008, na yanayotoza kiingilio aghalabu hutoza kidogo. Mtu mwingine, tuseme muuguzi wa Muhimbili anayetaka kuiona China kwa macho yake, lazima aanzie kwenye tiketi ya ndege na kudunduliza miaka. Pengo kati ya hao wawili ni kubwa mno, na aliye upande wa neema halioni.

Najua pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Mtaji wa Kariakoo mara nyingi si wa mwenye duka peke yake. Una fedha za kikoba, mkopo wa benki, na mchango wa dada aliyeuza kiwanja. Marejesho hayangoji mtu amalize kutazama mnara. Lakini mzigo mwingi wa Kariakoo husafiri kwa meli, na kontena hukaa baharini na bandarini wiki kadhaa kabla ya kufunguliwa. Mzigo ukishapimwa, ukalipiwa na kukabidhiwa kwa wakala, siku moja ya mwenyewe haichelewishi kontena hata kwa saa moja. Kwa anayesafirisha kwa ndege, au anayewahi msimu wa Idi au wa shule kufunguliwa, nakubali hesabu ni nyingine. Huyo aende zake na siku hiyo aiweke safari ijayo. Wapo pia watakaotaka nithibitishe kwamba siku ya kutazama huleta faida dukani. Inawezekana huleta, maana anayeujua mji hudanganywa kwa shida zaidi. Sitaki kuitetea kwa njia hiyo. Mtu aliyeacha watoto, akavuka bahari na kubeba mzigo wa ukoo mzima ana haki ya kuona kitu kizuri bila kukitolea risiti.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba na hoteli, wakalazimishwa kupimwa na kuwekwa karantini, wengine wakalala nje. Mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing waliandika barua ya malalamiko. Kusema kwamba mambo hayo yamekwisha kabisa ni kuwadanganya wasomaji, na mtu mweusi hutazamwa sana katika mitaa ya China, mara kwa udadisi, mara kwa dharau. Ila tuangalie hoja inatufikisha wapi. Hatari hiyo msafiri wetu ameshaikubali alipokwenda sokoni, stesheni na kwenye ghala la nje ya mji. Akijifungia chumbani siku ya mwisho haipunguzi. Anachopunguza ni sehemu ya safari ambayo ingemlipa fadhila kidogo kwa uvumilivu wake. La maana ni kuwa na karatasi sawasawa. Hoteli humwandikisha mgeni polisi, lakini anayefikia kwa rafiki lazima ajiandikishe mwenyewe ndani ya saa 24, na huko ndiko wengi huingia matatani. Kwa wanawake, ambao ni sehemu kubwa ya wafuata mzigo, desturi ya Kariakoo ya kusafiri wawili au watatu ina manufaa yale yale kwenye bustani na makumbusho kama iliyonayo sokoni.

Wengine watauliza mbona hatuanzi na nyumbani, wakati wapo wenyeji wa Dar es Salaam ambao hawajafika Serengeti wala Kilwa. Ni swali la haki, lakini halimhusu mtu aliyeko Xiaobei leo. Serengeti haiko karibu naye, Yuexiu iko. Zaidi ya hapo, aliyeiona pembe ya ndovu ndani ya kaburi la mfalme wa Kichina ana sababu mpya ya kupanda basi la Kilwa. Na wanaosema kwamba kuzuru kwa ajili ya kutazama ni mambo ya Wazungu wanaisahau historia ya pwani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kwa maelezo yake mwenyewe alifika baadaye hadi Guangzhou. Alikula na kulala kwa ukarimu wa watu wa njiani. Salim bin Abakari, mtu wa pwani yetu, aliandika kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia, ikachapishwa Ujerumani mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten. Alisafiri kama mtumishi katika msafara wa Mjerumani, lakini alitazama miji, mavazi, vyakula na baridi kwa makini, akaviandika ili wasomaji wa lugha yake wavione. Kazi ya kutazama ilikuwa yetu tangu hapo.

Kinachoweza kubadilika upesi kiko mikononi mwa mawakala wa tiketi na wa mizigo walioko Kariakoo na katikati ya jiji. Wao ndio wanaopanga tarehe ya kurudi, na wengi humpa mteja karatasi yenye anwani za masoko. Anwani nne zaidi kwenye karatasi hiyo, zilizoandikwa kwa herufi za Kichina ili dereva wa teksi azisome, hazigharimu kitu: bustani ya Yuexiu, makumbusho ya mfalme wa Nanyue, msikiti wa Huaisheng, kanisa la Barabara ya Yide. Kadi za kimataifa za benki zinaweza kuunganishwa na programu za malipo za China tangu 2023, kwa hiyo ni vyema mteja aunganishe yake akiwa bado Dar es Salaam, ambako simu yake inapokea ujumbe wa uthibitisho bila taabu. Apakue pia programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila mtandao. Asiipange siku hiyo Jumatatu, maana makumbusho mengi ya China hufungwa. Na atembee na pasipoti yenyewe, si nakala, kwa kuwa ndiyo inayoombwa kwenye dirisha la tiketi za treni na kwenye milango mingi ya makumbusho.