Saratani ya Ini: Miezi Sita Inayoamua Uhai

Athari ya virusi vya homa ya ini aina B hutegemea sana umri ambao mtu aliambukizwa: mtoto mchanga aliyevipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa hubaki navyo maisha yote katika visa takriban 9 kati ya 10, ilhali watu wazima walio wengi huvishinda ndani ya miezi michache. Kwa anayebaki navyo, hali iitwayo maambukizi sugu, vinasaba vya virusi hujipachika ndani ya vinasaba vya seli za ini, seli hizo hufa na kuzaliwa upya mwaka baada ya mwaka, na kasoro hulimbikizana hadi seli moja inapoanza kukua bila kudhibitiwa. Barani Afrika saratani ya ini huweza kumpata kijana ambaye ini lake halijaota makovu.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru nchini Tanzania, mahindi ndiyo msingi wa makande na loshoro, hivyo hatari ya pili huenda ikaanzia ghalani: sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Utafiti uliofanyika Shanghai ulionyesha kwamba sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 3, virusi peke yake mara 7, na vyote viwili vikikutana, karibu mara 60.

Utafiti wa nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2017, ulibaini kwamba nje ya Misri nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya miezi 2.5 tangu kugunduliwa, wakati nchini Misri, ambako wengi hugunduliwa mapema na kutibiwa, muda huo ulikuwa miezi 10.9. Tofauti hii inaumiza kwa sababu sehemu yake kubwa inaweza kuzuilika. Nyama ya ndani ya ini haina neva za maumivu, kwa hiyo uvimbe hukua kimya hadi unapofikia utando unaolifunika ini, na mgonjwa anapofika hospitali akiwa amekonda, tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano, upasuaji kwa kawaida hauwezekani tena.

Uchunguzi wa mapema hutumia ultrasaundi, kipimo kinachopiga picha ya ini kwa mawimbi ya sauti, pamoja na kipimo cha damu cha alfafetoprotini, ambayo ni protini inayotolewa na uvimbe mwingi wa aina hii, ingawa si wote. Hurudiwa kila baada ya miezi 6 kwa kuwa uvimbe huchukua takriban miezi 4 hadi 6 kuongezeka maradufu. Jaribio lililofanyika Shanghai kwa watu zaidi ya 18,000, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2004, lilionyesha kwamba ratiba hiyo ilipunguza vifo vya saratani ya ini kwa asilimia 37, ingawa wengi hawakuhudhuria kila mara. Aidha, dawa ya tenofovir, inayofahamika pia katika tiba ya VVU, hupunguza wingi wa virusi na hatari yenyewe, lakini haiiondoi kabisa, kwa hiyo anayeitumia naye huendelea kupimwa.

Tatizo kubwa lipo kati ya jibu la maabara na miadi ya ultrasaundi. Mpango wa Taifa wa Damu Salama huipima damu yote inayochangwa, na mchangiaji anayeambiwa kwamba ana virusi, kwa kuwa hasikii maumivu yoyote, hurudi kirahisi shambani kwake bila tarehe ya kurudi kliniki. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wote wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata kinga hiyo ya utotoni. Na kwa kuwa mama mmoja huweza kuwaambukiza watoto wake kadhaa, ndugu wa tumbo moja na mtu aliyegundulika wanastahili kuitwa kupimwa kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha asiye na virusi apewe chanjo, na aliye navyo apangiwe uchunguzi wa kila miezi 6.