Kabla ya Kugusa Simu ya Mtu

Tumepewa majina mawili, na hakuna hata moja tuliloomba. Wageni wanaofika kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa magari meupe hutuita vijana wadukuzi, tena wakidhani wanatusifu. Wazee wa Base Camp, kanda mojawapo ya makazi hayo, hutuita wachawi wa simu, na yupo mama aliyemkataza binti yake kukaa nasi kwenye benchi la taksi kwa madai kwamba tunasoma meseji za mtu simu ikiwa bado mfukoni. Majina yote yananikera, la wageni likizidi. Mzee ana haki ya kuogopa asichokijua. Mgeni alikuja na kalamu na daftari, na angeweza kuuliza.

Sisi ni wanafunzi wa uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, forensiki kwa mkato, katika chuo kidogo cha Mbarara, ghorofani juu ya duka la mabati na misumari. Wengi wetu kwao ni Nakivale. Makazi hayo yalianza mwaka 1958 kwa kupokea Wanyarwanda, yakatambuliwa rasmi 1960, na leo ndani yake wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kusoma na kufanya kazi, kwa hiyo mtu huamka alfajiri kando ya ziwa, akala vumbi jekundu mpaka kwenye lami ya barabara ya Kikagati, na kabla jua halijawa kali ameshamwamkia mwenye nyumba wake Mbarara, “Agandi?”, akajibiwa “Nimarungi” na kuulizwa kodi papo hapo. Safari hiyo imeandikwa na wengi. Mila zetu hakuna aliyeziandika, na zimeanza kutoweka.

Iliyo kuu ni kutogusa. Simu ikiletwa, mwenyewe ndiye anayeiweka mezani. Sisi tunasimama mikono nyuma. Inapigwa picha jinsi ilivyo: kioo kimepasuka wapi, betri ina asilimia ngapi, saa yake inasoma nini na saa ya ukutani inasoma nini. Hilo la saa hatulipuuzi hata siku moja, kwa kuwa simu iliyochelewa dakika ishirini inaweza kumtia mtu mahali ambapo hakuwepo. Kisha tunaikata kwenye mtandao. Simu iliyo hewani yaweza kufutwa na mtu aliye mbali, na kila ujumbe unaoingia hubadilisha kitu ndani yake. Maabara zenye uwezo zina mifuko maalumu ya kuzuia mawimbi. Sisi tuna karatasi ya fedha, ile ya kufungia kuku wa kuchoma. Tunaizungushia simu tabaka kadhaa, halafu mmoja anaipigia. Ikiita, darasa zima linacheka na tabaka linaongezwa. Inapigiwa tena, na tena, mpaka yule mama wa mtandao aseme kwamba namba haipatikani. Sijaona mahali pengine watu wanapofurahi hivyo kwa kumkosa mtu kwenye simu.

Baada ya hapo simu inaingia kwenye bahasha ya kaki, inabandikwa, na watu wawili wanatia sahihi inayovuka mshono, ili atakayeifungua asiweze kuirudishia bila kujulikana. Juu ya bahasha hatuandiki “simu ya fulani”. Tunaandika “simu iliyoletwa na fulani”. Mwalimu mmoja mgeni aliona ni mchezo wa maneno. Hakujua kwamba hadi Agosti 2019, mamlaka ya mawasiliano iliporuhusu wakimbizi kusajili laini kwa vitambulisho vyao na barua za Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), wengi wetu tulikuwa tukipiga simu kwa majina ya Waganda waliotuhurumia. Laini ya baba yangu ilikuwa na jina la muuza maziwa. Nani basi atatuambia kwamba jina lililo kwenye usajili ndilo la mtu aliyeishika simu? Wenzetu wengine huliona jambo hilo kitabuni. Sisi tulilikuta nyumbani.

Kitabuni kanuni ya kutogusa hupewa jina la Edmond Locard, Mfaransa aliyefungua maabara yake Lyon mwaka 1910 na kufundisha kwamba vitu viwili vikigusana huachiana alama. Namheshimu. Ila kwetu kanuni ina sababu nyingine. Ndani ya simu ya mkimbizi mna sauti ya marehemu, mna namba ya ndugu aliyepotelea njiani, mna picha ya shahada iliyoungua pamoja na nyumba. Mtu anakupa hivyo vyote kwa sababu ametapeliwa shilingi elfu hamsini za MoMo, pesa za simu. Adabu ya chini kabisa ni kuuliza kabla hujanyoosha mkono, na kutazama kile tu ulichoruhusiwa. Hilo ndilo wageni wanaloliita udukuzi! Mdukuzi huingia bila hodi, na sheria ya Uganda ya 2011 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta inamfunga. Sisi hodi yetu ni ndefu kuliko kazi yenyewe.

Ninayoipenda kuliko zote ni kusoma heshi. Ukinakili diski, biti kwa biti, kompyuta hupiga hesabu juu ya data yote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Herufi moja ikibadilika kwenye faili moja ndani ya diski, mfuatano wote hugeuka. Ukipiga hesabu ya diski halisi na ya nakala, na mifuatano ikalingana, hakimu ana msingi wa kuamini kwamba hukuongeza wala kupunguza. Siku hizi kompyuta hulinganisha yenyewe. Sisi tulifundishwa kuisoma kwa sauti: mmoja anasoma, mwingine anaandika kwa mkono, kisha mwandishi anamsomea msomaji. Tatizo likawa lugha. Mkongo aliyesoma Kifaransa, Msomali aliyesoma Kiingereza na Mrundi aliyeanzia Kirundi hawatamki herufi sawa, na heshi haina huruma. Ndipo waliotutangulia wakazipa herufi sita za heshi majina ya mahali: Ankole, Bukavu, Cibitoke, Dadaab, Entebbe, Fizi. Basi ukipita chini ya dirisha letu jioni utasikia, “Tatu, Fizi, Fizi, sifuri, Dadaab, tisa, Ankole,” na mwingine akirudia taratibu, na muuza mabati chini akitikisa kichwa. Kuna mgeni aliyedhani tunasali.

Kuna sharti juu ya usomaji huo ambalo halimo katika mwongozo wowote niliousoma: anayesoma na anayeandika wasitoke kijiji kimoja. Kijiji hapa nakisema kwa upole. Darasani mwetu yumo Mbembe, yumo Mfuliiru, yumo Mnyamulenge, watu wa jamii za Kivu zilizopigana. Wamo Warundi ambao wazazi wao walikimbiana. Wamo Wasomali wa koo zisizosalimiana. Simu ya Mbembe inayodaiwa kutuma vitisho haichunguzwi na Wabembe wawili, wala na watu wawili wenye kisasi nao. Mmoja atoke huku, mmoja atoke kule, na mwenye undugu na aliyeleta simu atoke nje kabisa. Mila hii hatukuletewa na mtaala. Warundi wana bashingantahe wao, wazee wa kusikiliza mashauri, na huko kwetu Kivu shauri la ng'ombe haliamuliwi kwa mashahidi wa upande mmoja. Tulichofanya ni kuipandisha desturi hiyo ghorofani.

Wageni wakilisikia hili hupenda kulipamba. Wanataka wawili hao wapigwe picha wamekumbatiana, chini yake paandikwe upatanisho. Hapana. Wapo waliomaliza kozi bila kula sahani moja. Tulicho nacho ni kutoaminiana kulikopewa kazi ya kufanya, nami nakuthamini kuliko kukumbatiana kwa ajili ya kamera, maana kunaacha sahihi mbili kwenye karatasi.

Mkesha nao nisipoueleza nitakuwa nimewanyima waliouanzisha haki yao. Diski ya gigabaiti 500 ikinakiliwa kupitia mlango wa USB wa zamani hula saa nne au tano, na betri za laptopu zetu zilikufa zamani, hivyo umeme ukikatika tunaanza upya. Kwa hiyo tulikuwa tunanakili usiku, umeme unapotulia. Msomali alileta chai yenye iliki na mdalasini, Mkongo sombe, Mrundi maharage, na wenzetu wa Ankole maziwa, kwa kuwa kwao mgeni asiyepewa maziwa ni kama hakupokelewa. Zilisimuliwa habari za mapenzi, mpira na bei ya bando. Kilichomo ndani ya diski hakisimuliwi, hata kwa fumbo, hata kama ni diski ya mazoezi iliyojaa picha za paka. Kuhusu sare, keki ya mahafali na hotuba za wafadhili sina la kusema. Vyuo vyote ndivyo vilivyo.

Jumamosi kazi ilihamia Nakivale, mezani kwa mafundi simu wa Base Camp, na hapo ndipo nilipouona utovu wa haki wa neno mdukuzi. Alikuja mama aliyefika baada ya mji wa Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi, Februari 2025. Alikuwa na picha ya nyumba iliyoteketea, na alikuwa amesikia kwamba sisi tunaweza kuithibitisha kwa ajili ya mahojiano yake ya ukimbizi. Mwenzangu hakuishika simu.

“Mama, picha hii uliipiga wewe?”

“Hapana, mwanangu. Shemeji yako alinitumia.”

“Kwa WhatsApp?”

“Kwa WhatsApp, ndiyo.”

Mwenzangu alinyamaza kidogo. Simu inapopiga picha huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya kamera, na pengine mahali. WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana na kuyafuta hayo yote. Kilichobaki mkononi mwa yule mama kilikuwa moto usio na siku wala mji. Alielezwa polepole: shemeji akiwa bado na simu ileile, aitume upya kama hati, si kama picha, na maelezo yatakuja nayo salama. Mama akasema simu ilichukuliwa kizuizini, njia ya Kamanyola. Hakuna programu duniani inayorudisha kilichofutwa namna hiyo. Mwenzangu angeweza kumpa matumaini na kupokea soda. Badala yake alimwandikia kwenye karatasi nani alituma, lini ilipokelewa, kwa namba ipi, akamsomea, akamwomba atie sahihi, naye akatia yake. Karatasi hiyo haithibitishi moto. Inathibitisha kwamba picha ilimfikia siku fulani na hakuibuni usiku wa kuamkia mahojiano. Ni kidogo, lakini ni kweli.

Sasa naona mambo yanapokwenda. Mei 2025 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) uliwakatia chakula wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda, na aliyekuwa akija Jumatatu na unga kutoka nyumbani sasa usiku anafukuzia vibarua mjini. Mkesha umekufa hivyo, bila mtu kuufuta. Mila nyingine, ya anayeondoka kumkabidhi anayebaki daftari lake la kozi, lenye njia za mkato na ramani ya nyaya, nayo imesimama: wengi waliokuwa na safari walikuwa wanasubiri ndege ya Marekani, na Marekani iliwafungia wakimbizi mlango Januari 2025. Madaftari yako kwa wenyewe, na wenyewe wako Juru na Rubondo wakilima mahindi ya watu.

Hayo hatuwezi kuyazuia. Linaloniudhi ni lile tunalojifanyia. Wanaoanza sasa wanajifunza kwa video, na programu mpya chuoni huchomekwa simu upande mmoja ikatoa ripoti upande wa pili, yenye rangi na majedwali, heshi ikiwa imeshalinganishwa. Hakuna anayesema Fizi wala Cibitoke. Kaunta buku la mezani, lile tunamoandika kila aliyeipokea simu na kila aliyeirudisha, limependekezwa liondolewe kwa kuwa ripoti inatosha. Haitoshi. Sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011 inamtaka hakimu apime data ilitengenezwaje, ilitunzwaje na uhalisi wake ulilindwaje. Programu inajua kilichotokea tangu ilipochomekwa. Wakili akiuliza simu ilikuwa kwa nani usiku wa Jumanne kabla ya kuchomekwa, kabati lilikuwa na funguo ngapi, na nani alikuwa chumbani umeme ulipokatika, ripoti yenye rangi haina la kujibu.

Nililisema hili mbele ya uongozi, pengine kwa sauti ya juu kuliko inavyompasa mwanafunzi. Nilijibiwa kwamba daftari la mkono linaweza kughushiwa. Ni kweli kabisa, linaweza. Ndiyo maana sahihi ni mbili, na wenye sahihi hawatoki kijiji kimoja.