Geant4: programu isiyosimama peke yake

Mwanafunzi wa fizikia jijini Johannesburg anayetaka kujua jinsi mionzi inavyopenya mwili wa binadamu hana haja ya kummulika mtu yeyote. Anaweza kuiga safari ya mionzi hiyo kwenye kompyuta kwa programu iitwayo Geant4. Lakini kwanza sharti aisakinishe, na hapo ndipo wengi hukwama.

Programu hiyo, inayotolewa bila malipo, ilitoka kwa mara ya kwanza Desemba 1998. Hutumiwa katika utafiti wa tiba ya saratani, na pia katika jaribio la ATLAS kwenye kituo cha CERN, Uswisi. Afrika Kusini ilijiunga na jaribio hilo mwaka 2010, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg ni miongoni mwa washiriki.

Mpangilio ni muhimu

Geant4 hutolewa kama maandishi ya lugha ya C++, ambayo kompyuta haiwezi kuyatekeleza yalivyo. Kwa hiyo inahitajika kwanza programu ya kuyageuza kuwa maagizo ya mashine. Kisha inahitajika CMake, ambayo hukagua iwapo mahitaji yote yapo. Anayetaka kuona picha za chembe zikipita huongeza Qt.

Kwenye mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, vitu hivyo vitatu hupatikana kwa amri ya apt, ambayo huvileta pamoja na vyote vinavyovitegemea. Hata hivyo, atakayeikumbuka Qt baada ya kazi kumalizika atalazimika kuijenga Geant4 upya.

Matoleo nayo yapaswa kupatana. Geant4 ya 11, iliyotoka Desemba 2021, hudai C++ ya kiwango cha 17. Kompyuta yenye vifaa vya zamani itaikataa.

Kosa linalojificha

Kosa moja la kawaida huchelewa kuonekana. Geant4 huhitaji mafaili ya takwimu kuhusu chembe na viini vya atomu, yenye uzito unaopita gigabaiti moja. Hayaji yenyewe: ni lazima chaguo la GEANT4_INSTALL_DATA liwashwe. Mtu akilisahau, ujenzi utakamilika, kisha programu itasimama mara aanzapo kuiga.

Kwa kuwa leseni inaruhusu kugawana, ni busara mmoja apakue mafaili hayo, na darasa zima linakili kutoka kwake.

Ujenzi wenyewe huweza kuchukua saa nzima au zaidi kwenye kompyuta ya kawaida. Mwaka 2023, mgao wa umeme ulipokithiri nchini Afrika Kusini, muda huo haukuwa na uhakika. Umeme ukikatika, folda ya ujenzi isifutwe: ukirejea, kazi huendelea na sehemu zilizobaki.

Kuandika matoleo

Yote haya si kazi ya fundi pekee. Kanuni za fizikia ndani ya Geant4 hurekebishwa kutoka toleo hadi toleo, na hivyo matokeo huweza kutofautiana. Mtafiti wa Johannesburg asiyeandika matoleo aliyotumia humnyima mwenzake wa Nairobi au Dar es Salaam njia ya kuyahakiki. Na pale hesabu inapohusu kipimo cha mionzi kwa mgonjwa, uhakiki huo si jambo la hiari.