Uwanja Ni wa Nani? Umiliki na Uhai wa Viwanja vya Michezo

Uwanja wa michezo, uwe wa mpira au wa mbio za magari, hauishi kwa mashindano pekee. Unahitaji ulinzi, maji, ukarabati na kodi ya pango la ardhi mwaka mzima, ilhali viingilio hupatikana siku chache. Gharama zinapoyazidi mapato, hatima ya uwanja huwa mikononi mwa mmiliki wake.

Viwanja vya mbio za magari vinadhihirisha jambo hili. Kiwanja cha Ontario, jimboni California, Marekani, kilifunguliwa mwaka 1970 kwa fedha za hati fungani. Mapato hayakutosheleza madeni, na wakati huohuo thamani ya ardhi yake ilipanda. Kampuni ya Chevron ilikinunua mwaka 1980 kwa ajili ya kuendeleza ardhi, na mwaka uliofuata kikabomolewa. Kinyume chake, kiwanja cha Kyalami karibu na Johannesburg, kilichojengwa mwaka 1961, kilipigwa mnada mwaka 2014. Kilinunuliwa na Porsche Afrika Kusini kwa randi milioni 205, kikakarabatiwa, na magari yanakimbia humo hadi leo. Wanunuzi wote wawili walikuwa kampuni. Tofauti ni kwamba mmoja alihitaji ardhi, mwingine alihitaji uwanja.

Mkoani kwetu, Uwanja wa Manungu ulioko Turiani, wilayani Mvomero, umo katika eneo la kiwanda cha sukari cha Mtibwa. Timu ya kiwanda hicho ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000. Iliposhuka daraja mwaka 2024 haikuvunjwa. Mwaka 2025 ilirejea Ligi Kuu. Faida ya mfadhili mwenye kiwanda ni hiyo. Hata hivyo, uwanja wa namna hiyo hutegemea afya ya biashara ya mwenyewe: kiwanda kikiyumba, nao huyumba.

Kwa wakazi wa Kata ya Mzinga na kata jirani, funzo ni kutozoea kuita kiwanja "chetu" kwa mazoea tu. Kiwanja ambacho watoto wamechezea kwa miaka mingi chaweza kuwa ni mali ya taasisi, kampuni au mtu binafsi, naye ana haki ya kukiuza. Wananchi wanashauriwa:

1. Kuuliza katika ofisi ya mtaa ni nani anamiliki kiwanja chao.
2. Kuthibitisha iwapo mchoro wa mipango miji unakitambua kuwa eneo la michezo. Matumizi yaliyoidhinishwa hayabadilishwi bila kibali cha mamlaka ya upangaji, hata mmiliki akibadilika.
3. Kulijadili suala hilo katika mkutano wa mtaa kabla mnunuzi hajajitokeza.
4. Kuweka makubaliano ya maandishi pale mmiliki anapowaruhusu kutumia kiwanja.

Uzio ukishasimama, majadiliano huwa magumu na ya gharama. Kuuliza mapema hakugharimu kitu.