SIMBA WA ENTEBBE NA MITEGO YETU



Tangu masomo yalipofunguliwa, watu wananiuliza swali moja tu: «Ni kweli uliona simba?» Ndiyo, niliona. Lakini kila mara nikianza kueleza, kengele inalia, ao mtu anacheka na kuniita Danieli. Mwisho mwalimu wetu wa biolojia akaniambia: «Andika, wote wasome.» Njo maana ya kurasa hizi. Naomba mzisome mpaka mwisho, sababu kule mwishoni kuna neno ambalo sijamwambia mtu bado, hata nyumbani.

1. Namna nilivyofika kule

Wakati wa likizo kubwa, mjomba wangu, mwenye kufanya biashara ya vitambaa, alinichukua nimsaidie kuhesabu na kubeba mizigo. Tulivuka Luapula kwa mashua, tukapita Zambia, tukapita Tanzania, tukaingia Uganda. Siku nyingi ndani ya bisi, miguu ikavimba. Sitaeleza safari, maana mtu wa Kasenga hafundishwi kusafiri. Tulipomaliza kununua kule Kampala, ikabaki siku moja tupu. Mjomba akasema: «Umefanya kazi vizuri. Unataka nikuonyeshe nini?» Nikajibu: «Simba.» Basi akanipeleka Entebbe, kama kilometa 40 tu kutoka Kampala.

2. Kituo kile ni kitu gani?

Mimi nilifikiri ni bustani ya wanyama tu, mahali pa kulipa, kutazama na kurudi nyumbani. Kumbe kuna zaidi. Jina lake ni Kituo cha Elimu ya Wanyama wa Pori cha Uganda, na watu wanakiita kwa herufi nne, UWEC. Kiko kandokando ya ziwa Victoria. Kilianza mwaka wa 1952, wakati wa utawala wa Waingereza, kuwa makao ya wanyama yatima. Baadaye kikawa bustani ya wanyama. Mwaka wa 1994 kikapewa jina jipya na kazi mpya, na ile kazi ni kufundisha.

Mtu aliyetuongoza alisema Kiswahili, si kama chetu cha Katanga, lakini tulisikilizana. Alieleza kazi zao tatu. Ya kwanza ni kupokea wanyama walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi, ao waliokutwa na vidonda. Ya pili ni kuwatibu, na wale wanaoweza kuishi tena porini, kuwarudisha. Ya tatu, ambayo yeye aliita kubwa kuliko zote, ni kuwafundisha watu. Ile siku tulikuta watoto wa masomo wengi, wamevaa iniforme, na kila mmoja yuko na kalamu na daftari. Waliandika kuliko sisi tunavyoandika somo la historia!

Tuliona vifaru, tuliona sokwe wanaokaa juu ya kisiwa kidogo (sokwe hajui kuogelea, kwa hiyo maji njo ukuta wake), tuliona na yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya simba.

3. Simba mwenyewe

Simba alikuwa amelala. Tulingoja, na yeye akalala tu. Mjomba akaanza kulalamika: «Tumelipa franka zetu ili tuone nyama inalala?» Muongozi akacheka, akasema simba anaweza kupumzika hata saa 20 kwa siku moja. Anatunza nguvu zake kwa saa chache za kuwinda, na mara nyingi anawinda usiku.

Halafu akaamka, akanguruma. Wenzangu, sitaki kuwadanganya: nilirudi nyuma hatua tatu, na mjomba alikuwa nyuma yangu tayari. Ngurumo ya simba inaweza kusikika mpaka kilometa 8. Kama angenguruma pale sokoni kwetu, watu wa ng'ambo, upande wa Zambia, wangefunga milango.

Nilimwuliza muongozi: «Juu ya nini hamumrudishi porini?» Alinijibu kwa utulivu. Simba aliyelelewa na watu haogopi watu. Ukimfungua, ataenda moja kwa moja kijijini, na kule watamwua, ao yeye atamwua mtu. Tena, pori lina wenyewe. Simba wengine wana mipaka yao, na mgeni wanampiga mpaka kufa. Na kuwinda ni elimu: mtoto wa simba anajifunza kwa mama yake, siku nyingi, kama sisi tunavyojifunza kulima ao kutupa nyavu. Asiyefundishwa anakufa na njaa katikati ya nyama.

Akamaliza hivi: «Huyu hatarudi. Kazi yake ni kuwafundisha ninyi, ili wale wengine wabaki.»

4. Kwa nini simba wanaisha?

Katika Afrika nzima inakadiriwa wamebaki simba kati ya 20,000 na 25,000. Ni wachache kuliko watu wa mji mmoja mdogo. Sababu kubwa ni tatu.

a) Nafasi na chakula. Mashamba yanaongezeka, swala na nyati wanapungua. Simba aliyekosa swala anatazama ng'ombe.

b) Sumu. Kule magharibi ya Uganda kuna parki ya Queen Elizabeth, inayopakana na parki yetu ya Virunga. Simba hawana pasipoti; wanapita mpaka huku na huku. Ndani ya parki ile kuna kijiji cha Hamukungu. Ni kijiji cha wavuvi, sawa vijiji vyetu vya kandokando ya Luapula, lakini watu wanafuga na ng'ombe. Mwezi wa nne, mwaka wa 2018, simba 11 walikutwa wamekufa karibu na pale: majike 3 na watoto 8. Waliwekewa sumu, na ilidhaniwa ni kisasi cha ng'ombe walioliwa. Mwezi wa tatu, mwaka wa 2021, simba 6 wengine walikutwa wamekufa upande wa Ishasha, vichwa na miguu imekatwa, na kando yao tai 8 wamekufa vilevile. Tai hawakuiba ng'ombe ya mtu. Sisi watu wa mto tunajua jambo hili vizuri. Mtu akitupa sumu majini ili apate samaki wakubwa, vidogo navyo vinakufa, na mwaka unaofuata nyavu zinarudi tupu. Sumu haichagui.

c) Mitego. Hapa njo ninapotaka tusimame kidogo.

5. Jacob, simba wa miguu mitatu

Katika parki ile ile kulikuwa na simba dume anayeitwa Jacob. Mwaka wa 2020 alinaswa na mtego wa chuma wa wawindaji haramu, akapoteza mguu mmoja wa nyuma. Mtego ule haukutegwa kwa ajili yake. Mwindaji alitaka nyama ya kula ao kuuza. Lakini mtego, sawa sumu, hauchagui.

Watu wengi walifikiri atakufa, maana simba wa miguu mitatu atawinda namna gani? Hakufa. Usiku mmoja wa mwezi wa pili, mwaka wa 2024, yeye na ndugu yake Tibu waliingia ndani ya mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Mle kuna mamba na viboko. Wakaogelea kilometa moja na zaidi mpaka ng'ambo. Watafiti waliwapiga filme kutoka juu. Wanafikiri madume wale walikuwa wanatafuta majike, sababu upande wao majike wamebaki wachache sana. Unaona namna mambo yanavyofungana: sumu inaua majike, na dume kilema analazimika kupita katikati ya mamba.

6. Mbwa wa babu

Wakati muongozi alipotueleza habari ya Jacob, mjomba alisema: «Maskini!» Mimi sikusema kitu. Nilikuwa namkumbuka mbwa wa babu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi na binamu yangu tulichukua nyaya za freni za kinga mbovu, tukafanya vitanzi, tukavitega njiani mwa swala wadogo, upande wa milima ya Kundelungu. Tulitega vingi, mimi nilisahau hata hesabu yake. Tulipata swala mmoja tu, naye alikuwa ameoza, sababu mvua ilituzuia kwenda kutazama. Wiki iliyofuata mbwa wa babu alipotea siku tatu. Akarudi na miguu mitatu. Babu akasema ni mamba. Mpaka leo babu anawaeleza watu vile, na watu wanamsifu mbwa aliyeshinda mamba. Haikuwa mamba. Ilikuwa waya yangu. Nyaya zingine labda zingali kule mpaka sasa, maana waya hauozi upesi kama kamba ya gome.

Nimeandika jambo hili hapa, ninyi mnaonijua kuwa mkali wa sheria usiku katika bweni. Likizo ya Pasaka nitaenda kumwambia babu kabla mtu hajamsomea gazeti hili.

7. Sasa sisi tufanye nini?

Najua mtasema: «Wewe ulikula bukari na nyama, sasa unatukataza.» Hapana. Njaa ni njaa, na mtu aliyepoteza mbuzi zake hawezi kushibishwa na maneno mazuri. Hata Uganda wanalijua hilo: sheria inaagiza sehemu ya 20 kwa mia ya pesa za kiingilio cha parki irudi kwa watu wanaokaa jirani. Pale ambapo jirani hapati kitu, mnyama hana rafiki.

Sisi nasi tuko jirani. Parki ya Upemba iliundwa mwaka wa 1939, na ya Kundelungu mwaka wa 1970. Babu anasema katika ujana wake ngurumo ya simba ilisikika usiku kule. Mimi, mjukuu wake, nilipaswa kuvuka nchi mbili na kuingia ya tatu ili niisikie. Basi ninashauri mambo manne:

1. Anayefuga mbuzi azifungie usiku katika zizi lenye miba na paa. Chui anaruka, ua mfupi haumzuii.
2. Mbwa alale karibu na zizi, asilale jikoni.
3. Anayekuta mtego wa waya porini aufungue na kuuleta. Mwalimu wa biolojia amekubali kutunza sanduku kwa ajili ya nyaya hizo, na hakuna atakayeulizwa alizitoa wapi.
4. Tuombe Bwana Prefe kwamba klasi moja, mwaka huu, itembelee bustani ya wanyama ya Lubumbashi, na iende na daftari.

Mimi na wenzangu wa mwaka wa sita tutaondoka kiisha mtihani wa serikali. Ninyi wadogo njo mnabaki na sanduku. Waya wa kwanza ndani yake ni wangu: niliutafuta siku ya posho iliyopita, nikaukuta palepale, ungali umefungwa kwenye mti. Ile mingine sijaiona bado. Anayetaka kunisaidia kutafuta, aje kuniona.

Ni mimi mwenzenu,
Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita