REDIO MPYA, NA VITUFE VYA USUKANI VISIFE

Motokaa nyingi zinunuliwazo siku hizi katika Afrika Mashariki zimekwisha tumika huko Japani kabla ya kupakiwa melini. Hufika na injini njema, viti safi, na redio isiyoweza kusema na watu wa kwetu. Mwenye gari huzungusha namba toka mwanzo hata mwisho, asipate ila stesheni moja au mbili, na pengine asipate hata moja.

Hiyo si redio mbovu. Huko Japani stesheni za FM zilipangwa tangu zamani kati ya megahezi 76 na 90. Mitambo ya kale ya televisheni ilipozimwa, miaka ya 2011 na 2012, nafasi iliongezwa kufika 95. Kwetu sisi stesheni zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Basi redio ya Kijapani ya zamani huishia pale pale ambapo zetu zinaanza. Pikapu zitokazo Thailand hazina shida hiyo, kwa kuwa masafa ya Thailand yafanana na yetu.

Wengine hutiliwa kijisanduku kati ya antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa. Kikishusha megahezi 20, stesheni ya 98 yasikika mahali pa 78, na ile ya 106 mahali pa 86. Lakini hesabu haimalizi yote: stesheni ya 92 ingeshuka hata 72, na redio haifiki huko. Ndiyo maana watu wengi mwishowe hununua redio mpya. Na hapo ndipo tatizo la pili lizaliwapo: redio mpya yaimba vizuri, lakini vitufe vya usukani vimekufa.

VITUFE SI PAMBO

Mtu aweza kusema, "Vitufe vya nini? Mkono wangu wafika kwenye redio." Ni kweli, mkono wafika. Shida ni macho. Gari iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akitazama redio kwa sekunde mbili tu, amekwenda mita 44 bila kuiona njia, yaani zaidi ya urefu wa mabasi matatu yaliyopangwa mstari mmoja. Katika mita hizo aweza kuwapo mtoto atokaye shule, au mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa mkaa. Kitufe kilicho chini ya kidole gumba hakihitaji macho. Redio za siku hizi, zenye kioo laini kisicho na kitufe hata kimoja cha kupapasa, zazidi kumwita dereva atazame. Kwa hiyo anayeitoa redio ya kiwanda yampasa aulize tangu dukani: je, vitufe vyangu vitafanya kazi?

VITUFE HUSEMAJE NA REDIO?

Ziko njia mbili, na fundi asiyezitofautisha hupoteza siku nzima.

Njia ya kwanza ni ya vizuizi vya umeme. Kila kitufe kina kizuizi chake, na vyote hutumia waya mmoja au miwili tu. Redio hupeleka umeme mdogo katika waya ule na kutazama umebaki kiasi gani. Tuchukue mfano. Redio yapeleka volti 5 kwa kupitia kizuizi chake cha omu 1,000. Usipobonyeza kitu, yaona volti 5 zile zile. Ukibonyeza kitufe chenye omu 1,000, yaona volti 2.5. Chenye omu 3,000, yaona 3.75. Basi redio hufahamu: 2.5 ni kuongeza sauti, 3.75 ni kupunguza. Ni kama mlinzi ajuaye wenyeji kwa mlio wa hatua zao.

Njia ya pili ni ya lugha. Vitufe hupeleka habari kwenye kompyuta ndogo ya gari, nayo huipeleka kwa redio kama maneno ya tarakimu katika nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Utaratibu huo huitwa CAN, nao ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986. Hapa redio ngeni haisikii kitu mpaka awepo mkalimani, yaani kijisanduku kiyajuacho maneno ya gari ile. Mkalimani huyo hununuliwa kwa jina la gari, aina yake na mwaka wake, wala hapana kubahatisha.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Fundi mwenye mita ya kupimia umeme aweza kujua njia ipi inatumika kabla ya kutoa hata senti moja. Betri ikiisha kufunguliwa na redio ya zamani kutolewa, apime omu kati ya waya wa vitufe na waya wake wa kurudia, hapo hapo kwenye plagi ya redio. Mwenzake abonyeze vitufe kimoja kimoja. Namba ikibadilika kwa kila kitufe, ni njia ya kwanza. Isipobadilika, huenda ni njia ya pili, au waya umekatika njiani. Namba zote ziandikwe katika karatasi, kwa kuwa zitafaa baadaye.

Jambo moja zaidi: azungushe usukani kushoto na kulia huku kitufe kimebonyezwa. Namba ikirukaruka, kosa si la redio. Ndani ya usukani mna utepe wa nyaya uliojiviringa, ambao hukunjuka na kukunjika kila dereva akatapo kona. Utepe ukichakaa, hata redio ya bei kubwa haitasaidia.

KUNUNUA NA KUUNGANISHA

Kwanza pima nafasi. Redio nyembamba ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Ile kubwa ina kimo cha 100. Nafasi katika Toyota nyingi ina upana wa 200, basi yafaa kununua redio ya upana huo au fremu ya kuziba pembeni.

Pili, tazama nyuma ya redio. Nyingi zenye kioo cha Android zina nyaya zilizoandikwa KEY1 na KEY2 kwa vitufe. Nyingine, kama Pioneer nyingi, zina tundu dogo la milimita 3.5, nazo huhitaji kiunganishi kati yake na nyaya za gari. Redio isiyo na waya wala tundu la namna hiyo haitaitikia usukani, hata fundi awe bingwa.

Tatu, usikubali plagi za gari zikatwe. Nunua plagi ya kuunganishia inayofanana na ya gari lako, nyaya zifungwe huko, nje ya gari, mezani. Plagi ikikatwa, gari haiwezi tena kurudishiwa redio yake, na viungo vya kusokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe hulegea, hupata moto, na siku moja huunguza.

Katika redio nyingi mpya, waya wa manjano hupokea umeme wa daima, mwekundu hupokea umeme wa ufunguo, na mweusi huenda kwenye bodi. Wa manjano na mwekundu wakibadilishana, redio husahau mafunzo yote kila ufunguo uzimwapo. Wote wawili wakifungwa kwenye umeme wa daima, asubuhi betri imelala. Tena, usisahau waya wa kurudia wa vitufe: katika gari nyingi huo si bodi yenyewe, bali ni waya wake peke yake, nao hauna budi kuungwa na mweusi wa redio. Wengi huuacha ukining'inia, kisha huilaumu redio.

Mwisho ni kufundisha. Katika redio hufunguliwa ukurasa wa usukani, hubonyezwa kitufe, huchaguliwa kazi yake, kisha huhifadhiwa. Kitufe kimoja baada ya kingine, bila pupa.

MAMBO MAWILI YA HATARI

La kwanza ni mfuko wa hewa uliomo katika usukani. Nyaya zake hupita katika utepe ule ule, na plagi zake huwa za rangi ya manjano. Hizo zisipimwe kwa mita wala kuguswa, kwa sababu umeme mdogo tu waweza kuufyatua mfuko usoni mwa fundi. Betri ikifunguliwa, Toyota huagiza kungoja sekunde 90 au zaidi kabla ya kazi. Lakini kabla ya kuifungua, ulizia kama redio ya zamani, au chombo kingine, kitadai namba ya siri kikirudishiwa umeme.

La pili ni kwa wenye malori. Pikapu nyingi hutumia volti 12, lakini malori mengi ya Kijapani, kama Fuso na Isuzu, hutumia volti 24, kwa betri mbili zilizofuatana. Redio ya volti 12 ikifungwa humo yaungua mara moja. Yatakiwa redio ya volti 24, au kipunguza umeme chenye nguvu ya kutosha. Wala isichukuliwe volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili, maana moja itachoka mbele ya mwenzake, na zote mbili zitaharibika.

Basi, msomaji, unapompelekea fundi gari lako muulize maswali matatu: vitufe vyangu ni vya njia gani, redio hii ina waya wa kuvipokea, na plagi zangu zitabaki nzima? Kuuliza si ujinga. Fundi mwema atajibu kwa mita mkononi. Akikujibu kwa kisu cha kukatia nyaya, chukua ufunguo wako utafute mwingine.