Homoni, Ukaribu na Mapenzi ya Mzazi: Tunayojifunza kwa Kondoo na Panya

Katika wodi ya wazazi hutokea jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huletewa mwanawe saa kadhaa baadaye, humtazama, na kinyume cha alivyotarajia haoni chochote moyoni. Mtoto ni kama mgeni kwake. Wapo watakaosema hana moyo wa mama. Wengine humweleza, kwa nia njema, kwamba kwa kuwa hakupitia uchungu wa kuzaa, homoni ya mapenzi haikutoka. Maelezo haya ya pili yana chimbuko katika tafiti za kweli, ila zilifanywa kwa kondoo, na yafaa kufahamu zilionyesha nini hasa.

Homoni inayotajwa ni oksitosini. Mkunga anaifahamu kama dawa inayotunzwa kwenye jokofu, ambayo mama hudungwa uniti 10 mara mtoto anapozaliwa ili kuzuia kutokwa na damu nyingi. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza alibaini kuwa dondoo ya tezi ya pituitari hukaza mfuko wa uzazi. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud aliweza kuitengeneza homoni yenyewe maabara, na miaka miwili baadaye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ni molekuli ndogo, yenye asidi amino tisa tu. Ndugu zake wamo katika samaki, konokono na hata minyoo, ambako huchochea kujamiiana na kutaga mayai. Mageuko, basi, hayakubuni kitu kipya kwa ajili ya mama wa mamalia. Yalichukua kifaa cha kale na kukiongezea kazi: kukaza mfuko wa uzazi, kushusha maziwa na, ndani ya ubongo, kumwandaa mama kumkubali mtoto.

Kwa kondoo maandalizi hayo ni ya haraka na makali, na sababu yake inaeleweka. Kondoo huishi kundini, majike wengi huzaa msimu mmoja, na mwanakondoo husimama na kutembea muda mfupi baada ya kuzaliwa. Jike asiyemtambua wake angenyonyesha wa wenzake huku wake akifa njaa. Hivyo katika saa mbili hivi za mwanzo huishika harufu ya mwanawe, na baada ya hapo humpiga kichwa mwanakondoo mwingine yeyote anayesogelea kiwele. Mwaka 1983 Barry Keverne na wenzake walionyesha kwamba kutanuliwa kwa njia ya uzazi ndiko kunakoufungua mlango huo: jike aliyechochewa hivyo aliweza kumpokea mwanakondoo asiye wake. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa ganzi ya mgongoni wakati wa kuzaa iliweza kuvuruga tabia hiyo, na oksitosini iliyowekwa ubongoni ikairejesha. Hapo ndipo lilipoanzia lile neno la wodini.

Lakini binadamu si kondoo, na hata panya si kondoo. Panya jike ambaye hajawahi kuzaa huvikwepa vitoto vya wenzake, pengine hata kuvila. Mtafiti Jay Rosenblatt wa Marekani aliripoti mwaka 1967 kwamba jike wa namna hiyo, akiwekewa vitoto kila siku, hubadilika baada ya takriban juma moja: huvilamba, huvikusanya kiotani, huviinamia kana kwamba ananyonyesha ilhali hana tone la maziwa. Walioondolewa ovari walifanya hivyo. Madume nao walifanya hivyo. Katika majaribio mengine, damu ya panya aliyetoka kuzaa ilipopitishwa kwa asiyezaa, mabadiliko hayohayo yalitokea katika muda usiofika siku moja. Yaani homoni hufupisha safari ya juma zima ikawa ya saa chache, jambo la lazima porini, kwani kitoto cha panya hakiwezi kungoja siku saba. Hata hivyo safari yenyewe huweza kufanywa kwa ukaribu peke yake.

Mapenzi ya dume na jike nayo yana historia inayofanana na hii. Katika mbuga za nyasi za Marekani ya Kaskazini kuna panya wadogo ambao wakishajamiiana hukaa wawili wawili, na dume hushiriki kulea. Jamaa zao wa milimani hawana desturi hiyo. Tofauti kubwa iliyoonekana haikuwa wingi wa homoni, bali mahali vilipo vipokezi vyake ubongoni. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa bila kipokezi cha oksitosini hakuna ndoa. Mwaka 2023 wanasayansi wa California walizalisha panya hao wakiwa hawana kipokezi hicho, na bado walishikamana na wenzi wao. Wanaouza oksitosini ya kupulizia puani kama dawa ya mapenzi wangefaa kuisoma habari hiyo.

Kwa wanaume ushahidi mmoja mzuri unatoka Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha Wahadza, ambao akina baba hubeba na kuchezea watoto wachanga, na Wadatoga, ambao kwao kazi hiyo ni ya akina mama. Miongoni mwa Wahadza, wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Kuitwa baba tu hakukutosha. Malezi yenyewe ndiyo yaliyoambatana na badiliko la homoni.

Mama wa wodini anastahili kuelezwa haya. Sindano aliyopewa haimpi mapenzi wala haimwondolei, kwa kuwa ni kiasi kidogo mno kinachovuka kutoka damuni kuingia ubongoni. Kila mtoto anaponyonya, oksitosini yake mwenyewe hutoka. Mtoto awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mara hali ya wote wawili inaporuhusu, hata baada ya upasuaji. Akizidiwa, baba au ndugu ampokee. Ukaribu huo huokoa pia maisha. Katika utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walifariki kwa asilimia 12.0 katika siku 28 za mwanzo, dhidi ya asilimia 15.7 ya waliosubiri kwanza hali itulie.

Wengi huona ubaridi ule ukiyeyuka siku kwa siku. Ukidumu zaidi ya majuma mawili, ukiambatana na huzuni au kukosa usingizi hata mtoto alalapo, mama achunguzwe sonona ya baada ya kujifungua. Na akitaja wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, aonwe siku hiyohiyo.